Daktari wa Panya na Chai ya Mama

Ndugu yangu Eugene Shivachi ni daktari, lakini usimpelekee jino linalouma. Watu wa Shinyalu walichukua muda mrefu kulielewa jambo hilo. Aliporudi kutoka masomoni mwaka wa tisini na tatu, tulichinja kuku, mchungaji akaiombea mikono yake, na kesho yake alfajiri foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye lango. Huyu ana goti, yule ana mtoto anayeharisha, na mzee mmoja alikuja na ng'ombe. Eugene akatoka na mswaki mdomoni, akawaeleza kwamba yeye si daktari wa namna hiyo. Yeye ni mtafiti. Anachunguza ugonjwa wa sukari kwa kutumia panya.

"Kwani panya wanaugua sukari?" akauliza mwenye ng'ombe.

"Tunawafanya waugue."

"Halafu unawaponya?"

"Tunajaribu, mzee."

Mzee akavuta kamba ya ng'ombe wake. "Si ungewaacha tu tangu mwanzo."

Tangu siku hiyo jina lake likawa Daktari wa Panya, na foleni ikaisha.

Mimi ni dada yake, nimemtangulia kwa miaka minne. Shule yetu ilikuwa ng'ambo ya mto Isiukhu, na mvua ikinyesha mto ule hauna adabu. Baba akakata shauri kwamba mtoto wa kiume atasoma na wa kike atamvusha. Kwa miaka mitatu nilimbeba Eugene mgongoni asubuhi, nikamtua upande wa pili, nikarudi shambani kulima. Nimefika shule ile mara nyingi kuliko watoro waliosajiliwa. Njiani alikuwa akiimba mahesabu ya kuzidisha masikioni mwangu, na ndiyo maana mimi najua kuzidisha mpaka mara sita. Ya saba ilipofika, alikuwa amekua, akaanza kuvuka mwenyewe.

Nikaolewa Lurambi. Baada ya miaka kumi na saba na watoto wanne, mume wangu akagundua kwamba hawezi kuishi na mke asiyejua kusoma barua. Akaoa anayejua. Nasikia sasa mwenzangu anazisoma barua zake zote, hata zile zinazotoka kwa wanawake wengine. Mungu si Athumani. Mimi nilirudi Shinyalu na sanduku moja, nikapewa kijumba pembeni mwa shamba la Mama, karibu na majani chai, mahali ambapo mtu akikohoa hakuna anayeuliza ni nani.

Eugene alikuwa akifanya kazi Nairobi, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Siku moja akaja na jarida lenye jalada la kijani. Ndani yake mlikuwa na maandishi yake ya kwanza kuchapishwa, kurasa saba, zote za panya. Mama akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka mezani juu ya kitambaa cha kufuma, akatukataza tusiweke vikombe karibu. Tukamwomba Eugene atusomee. Akasoma kidogo kwa Kiingereza, akaona Mama anasinzia, akaruka mpaka mwisho.

"Hapa nawashukuru walionisaidia. Huyu ni Profesa Chepkemoi, mkubwa wangu. Huyu ni Kiplagat."

"Kiplagat ni profesa pia?" nikauliza.

"La, Kiplagat analisha panya."

"Na jina lake limechapishwa?"

"Si hili hapa, Dada."

Akanionyesha kwa kidole. Nililitazama jina lile mpaka chai yangu ikapoa. Kiplagat alikuwa amelisha panya kwa mwaka mmoja. Mimi nilimlisha Eugene kabla hajaota meno, na jina langu halikuwa limechapishwa mahali popote duniani isipokuwa kwenye kitambulisho, likiwa limebandikwa jina la mwanamume aliyenifukuza.

Kwa hiyo mwishoni mwa mwaka wa tisini na sita, Eugene alipokuja na habari kwamba panya wameonyesha dalili njema na sasa anataka kuijaribu dawa kwa binadamu, nilikuwa tayari. Dawa yenyewe ilikuwa majani ya ule mti mchungu tunaoupanda kwenye ua. Nyanya zetu waliuchemsha kwa tumbo na kwa homa, na kwa watoto wenye kiburi. Alihitaji mtu wa kuuchemsha.

"Nitachemsha mimi," nikamwambia. "Lakini jina langu likae pale alipokaa Kiplagat."

"Dada, ukichemsha sawasawa, litakaa juu ya Kiplagat."

Nikamtazama kuona kama ananichekea. Alikuwa ananichekea, lakini pia alimaanisha.

Akahamia nyumbani kwa muda wa jaribio, akatafuta wagonjwa kumi na wawili wa sukari. Nitawataja wawili tu. Wa kwanza ni Mwalimu Barasa, mstaafu, aliyezoea kusahihisha watu wote pamoja na mchungaji. Wa pili ni Husseini, mwuza nguo wa mjini Kakamega, mtu wa kwao Mumias, aliyekuwa akija amekaa nyuma ya baiskeli ya boda boda, kofia yake nyeupe kama yai. Kila Ijumaa nilipima majani kwenye mizani. Eugene alikuwa ameipaka mstari mwekundu ili nijue pa kukomea, kana kwamba sijawahi kupima maharagwe sokoni. Nilichemsha, nikachuja, nikajaza chupa. Kila mgonjwa alikunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni, huku amefumba macho.

Jumamosi asubuhi walikuja kupimwa. Eugene aliwaamuru wasitie kitu mdomoni tangu chakula cha usiku. Saa moja walikuwa wameshakaa kwenye benchi uani kwa Mama, wamejikunyata kwa baridi. Yeye alijifungia sebuleni akipanga sindano zake na kile kimashine cha kusoma damu, akawaita mmoja mmoja kuwachoma kidole. Alikuwa na fomu kumi na mbili zenye mahali pa kuandika kama mgonjwa amekula au hajala. Kwa sababu ni mtu wa mpango, alizijaza zote Ijumaa jioni: hajala, hajala, hajala. Alisema hivyo anaokoa muda.

Tatizo ni kwamba sukari haikushuka. Wiki ya kwanza haikushuka, ya tatu haikushuka, na ya tano ilipanda. Eugene alikuwa akitoka sebuleni uso umemsawajika. Panya walikuwa wamepona, na watu hawaponi. Krismasi ikapita. Siku ya pili ya mwaka mpya akaja jikoni kwangu, akasimama karibu na sufuria, akaanza kuzungukazunguka kama mtu anayetaka kuomba chumvi.

"Dada, maji unayatia kiasi gani?"

"Kiasi ulichosema."

"Na moto?"

"Moto ni moto, Eugene."

"Mstari mwekundu unauona vizuri?"

Hapo nikaweka mwiko chini. "Sema."

Akasema. Profesa Chepkemoi alikuwa anataka hesabu mwisho wa Februari. Mahali fulani mambo yaliharibika, na yeye ameshakagua kila kitu: mashine ni nzima, majani ni yale yale, wagonjwa hawajala. Kilichobaki ni upishi. Kuna msichana wa Amalemba aitwaye Tracy, amemaliza kidato cha nne na ana cheti cha maabara. Angeanza kazi mwezi wa pili.

"Si kwamba nakulaumu," akasema. "Ni kwamba hukupata nafasi ya kusoma."

Ningeweza kumuuliza nafasi hiyo ilikwenda wapi na ilivushwa na nani. Sikumuuliza. Nilimwuliza kitu kimoja tu: "Na jina?"

Akatazama majivu. "Tutaona, Dada."

Kwetu "tutaona" ni hapana iliyovaa koti. Nikajua jina langu limekwenda, na kwamba litakwenda na sababu yake: mwanamke asiyesoma aliharibu kazi ya daktari. Hayo yangesemwa mpaka Lurambi.

Juma lililofuata, Ramadhani ikaandama. Jumamosi Husseini akaja kama kawaida, akasalimu, akachomwa kidole. Punde nikasikia Eugene amepiga ukelele sebuleni. Sukari ya Husseini ilikuwa imeshuka. Wengine kumi na mmoja walikuwa pale pale. Jumamosi ya pili, Husseini akashuka tena, na Mwalimu Barasa akapanda.

Eugene akawa kama mtu aliyeona malaika. Alimhoji Husseini kuhusu kila kitu. Unalala saa ngapi? Kwenu kuna mtu ana sukari? Usiku wa manane unakula nini kabla ya kufunga?

"Daku langu ni maji na hiyo dawa yako, Daktari," Husseini akamjibu. "Mke wangu Mwanamisi ananigombeza kila siku, lakini saa kumi za usiku mimi siwezi kutafuna."

Eugene akaandika, akaandika. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa zangu, na nikahisi kichwa kinanisisimka. Chupa ya Husseini na ya Mwalimu Barasa zilitoka kwenye sufuria moja, kwa mkono mmoja. Kama mkono wangu ni mbaya kwa Barasa, umekuwaje mzuri kwa Husseini? Nikangoja wagonjwa waondoke. Eugene alikuwa kitini, daftari gotini, anakunywa chai.

"Daktari," nikasema, "Husseini anakunywa dawa ya nani?"

"Yako."

"Imepikwa vizuri?"

"Naona imepikwa vizuri."

"Basi kuna nini anachofanya Husseini wasichofanya wengine?"

"Anafunga."

"Wengine nao umeandika hawajala."

"Ndiyo, hawajala. Mpaka nimalize kupima."

"Na hicho kikombe ulichoshika umepewa na nani?"

Akakitazama kikombe kama kimemwota mkononi. "Na Mama."

"Alikupa peke yako?"

Eugene ana digrii tatu, na zote tatu niliziona zikipita usoni mwake moja baada ya nyingine. Akainuka, akafungua mlango wa jikoni. Kwenye meza ya vyombo kulikuwa na vikombe kumi na kimoja vimepinduliwa, vinachuruza maji. Kando yake kulikuwa na sinia lenye maganda ya viazi vitamu. Mama alikuwa anasugua birika.

"Mama, hivi vikombe ni vya nani?"

"Vya wageni wako."

"Unawapa chai?"

"Ulitaka niwape nini? Uji?"

"Tangu lini?"

"Tangu walipoanza kuja! Watu wametoka kwao gizani, tumbo tupu, umewapanga nje kwenye baridi kama matofali, halafu unawatoa damu. Watoke kwangu midomo imekauka? Niwe nani mimi katika nchi hii ya Isukha?"

"Na sukari unatia, Mama?"

Mama akamtazama kwa huruma. "Chai bila sukari ni adhabu, mwanangu. Yule Mwislamu tu ndiye amekataa, kwa sababu ya mfungo wake. Huo ni wa Mungu, sikumlaumu."

Msishangae kwamba mimi nilikuwa nikiviona vile vikombe kila Jumamosi. Niliviona. Lakini na Eugene alikuwa na chake, na hakuna aliyewahi kuniambia ile njaa ilikuwa ya nini. Mambo hayo aliyasema kwa Kiingereza, kwa daftari. Nilidhani aliyesoma anajua chai yake inatoka wapi.

Jumatatu yake Eugene akamwendea Mwalimu Barasa, akamwuliza kwa nini hakusema.

"Kwanza," akasema Mwalimu, "wewe hukuuliza, ulijaza fomu. Pili, mimi nimkatalie Kukhu, mama yako, chai yake, na ananiangalia? Tatu, tulijadiliana pale kwenye benchi, tukaona ni sawa. Dawa ni ya kupigana na sukari. Bila kuipa sukari ya kupigana nayo, utajuaje ina nguvu?"

Jioni hiyo Eugene akaja kwangu, na kwa mara ya kwanza hakusimama. Akakaa kwenye kigoda. Wiki tisa za kazi, akasema. Profesa anangoja. Halafu, akitazama miguu yake: "Nikiandika tu zile za Husseini, na nyingine nizipunguze kidogo, nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe husomi majarida, Dada."

"Ndiyo sababu. Ninyi mliosoma mnaandika jambo ili mpate kulisahau. Mimi sina pa kuandika. Hukaa kichwani mwangu pale pale, na wewe utakuwa unanipitia hapa kila mwisho wa mwezi, nakutazama."

Akacheka, ingawa hakupenda. Akasema basi itabidi kumwomba Profesa muda na kuanza upya, lakini ataanzaje? Mama hawezi kukatazwa. Alikuwa ameshajaribu mchana, na Mama amemjibu kwamba siku mgeni atakapokaa kwake bila chai, wamzike kwanza.

"Waje kupimiwa kwangu," nikasema.

"Hapa?"

"Mimi ni mwanamke aliyeachwa, nina mdomo mkali na kikombe kimoja. Hakuna anayetegemea chochote kwangu. Wewe pima."

Kuanzia Februari, wagonjwa kumi na wawili walipita mbele ya mlango wa Mama bila kugeuza shingo, kwa sababu nilikuwa nimesimama njiani nikiwahesabu, wakaja kukaa kwangu juu ya magogo. Sikuwapa chai, wala kiazi.

"Awinja," Mwalimu Barasa aliniita Jumamosi ya kwanza, "hata maji ya moto?"

"Maji yapo Isiukhu, Mwalimu. Ukishachomwa kidole uende ukanywe mto mzima."

"Sasa ndiyo ninaelewa kwa nini ulirudishwa."

"Ukielewa, uwafundishe na wengine. Si ndiyo kazi yako?"

Watu wakacheka mpaka Husseini akashika kofia. Kidole cha mwisho kikichomwa, wote walikimbia mteremko kwenda kwa Mama, na huko birika lilikuwa tayari na sukari yake. Hivyo kila mtu alipata haki yake isipokuwa mimi. Kufika Machi, njia nzima kutoka sokoni hadi msituni ilikuwa inajua kwamba Awinja ni mchoyo, hata mgonjwa hampi chai. Wanawake wa kanisa walikuja kuniombea. Nilikubali kuombewa, lakini chai sikuwapa, maana ilikuwa Jumamosi.

Tracy wa Amalemba hakuja. Eugene alimwandikia kwamba nafasi imejaa.

Mambo yalipoisha baada ya Pasaka, sukari ya watu saba ilikuwa imeshuka kidogo, ya watano ilikuwa haijaenda popote. Haikuwa dawa ya ajabu. Eugene alisema "kidogo" pia ni jibu, na anaweza kulichapisha. Akakaa kwangu na kalamu.

"Sasa jina lako. Nimeandika Bibi, halafu lile la mumeo."

"Lifute."

"Ndilo la kitambulisho, Dada."

"Yeye alichemsha nini?"

Akafuta. "Basi la Baba. Shivachi."

Baba ni marehemu, na marehemu hasemwi. Lakini nikaukumbuka mto.

"La Baba unalo wewe, tena limechapishwa. Linatosha."

"Jarida haliwezi kuchapa jina moja tu."

"Nina mawili. Awinja nilipewa na nyanya, Jescah nilipewa kanisani. Yote ni yangu, hakuna mwanamume aliyenikopesha. Andika hayo."

Akaandika. Nikamwambia aniandikie na kwenye karatasi yangu, nikaipeleka darasa la ngumbaru, nikajifunza herufi hizo kumi na mbili kabla ya nyingine zote. Mwalimu wa ngumbaru alitaka nianze na "baba". Nikamwambia huyo atangoja.

Jarida lilikuja mwaka wa tisini na nane, kurasa nne. Tulikaa kwa Mama, na Eugene akatusomea, safari hii kwa Kiswahili, polepole. Alipofika mahali pa kusema kwamba sukari ilishuka kwa watu saba, Mama akacheka kwa pua.

"Ilishushwa na njaa," akasema. "Mmewakalisha kwa huyu mchoyo miezi miwili bila chai. Hata wewe ungeshuka. Hiyo dawa yenu mmeijuaje?"

Eugene akatoa daftari mfukoni, akaandika kitu, akakipigia mstari, akaanza kukuna kichwa.

"Mama, hilo neno," akasema, "Profesa mwenyewe ataniuliza."

"Akuulize. Mwambie aje anywe chai."

Wakaanza kubishana juu ya viazi, na nani alikula vingapi, na kama kiazi kina sukari. Niliwaacha kidogo. Kisha nikalichukua lile jarida mezani, nikafunua ukurasa wa nne, nikashuka na kidole mpaka chini kabisa. Nililipata jina langu bila kuonyeshwa. Kiplagat alikuwa mstari unaofuata.

"Daktari," nikasema, "hayo ya njaa utayaandika kesho. Hebu soma hapa kwanza, kwa sauti, Mama asikie."